Mahindi ya Arusi ya Mama Mdogo

Mama mdogo wangu, Alvina Koinva, aliishi na mume wake zaidi ya miaka thelathini kabla ya kuolewa naye. Kwa upande wa serikali walikuwa wameoana zamani, mbele ya hakimu kule Holbrook, yeye akiwa na gauni la kuazima na baba mdogo Merwin akiwa na buti za kazini. Lakini arusi yenyewe, arusi yetu sisi Wahopi, wenyeji wa asili wa jangwa hili, haikuwa imefanyika, na kijiji kizima kilijua hivyo. Waliojua zaidi ya wote walikuwa mashangazi wa Merwin, dada za marehemu baba yake, nao hawakumpa mama mdogo nafasi ya kusahau.

Kilichokwamisha ni mahindi. Kwetu bibi arusi huenda kukaa nyumbani kwa mama wa bwana arusi, akasaga unga kwa mawe siku kadhaa. Wakati huo wanaume wa upande ule humfumia majoho meupe ya pamba. Kazi hiyo hailipwi kwa hela. Hulipwa kwa unga, nao haupelekwi kwa bakuli. Ni mabeseni kwa mabeseni, yamejazwa mpaka yamechongoka, yamepakiwa kwenye magari. Na si unga wa dukani. Ni wa shamba la ukoo wako, kutokana na mbegu alizokuachia mama yako. Asiyekuwa na mahindi hungoja, na kwetu wapo wengi waliongoja mpaka watoto wao wakaota ndevu.

Mama mdogo alingoja kwa sababu maisha yalimbana. Alikuwa akifua mashuka ya hospitali, na Merwin akiendesha greda la barabara. Shamba la ukoo liko bondeni, mwendo mrefu kutoka kijijini ambako sisi tunakaa juu ya mwamba. Kila mwaka walipanda kipande kidogo tu, ili mbegu za bibi yangu zisife ndani ya chupa: mahindi ya bluu, meupe, na yale mekundu yanayokaribia weusi ambayo nyumba nyingi zimeshayapoteza. Kila mwaka ng'ombe waliokuwa wakizurura bila mchungaji waliingia wakala walichotaka. Kilichobaki kilitosha mbegu za mwaka unaofuata, na sufuria moja mbili za mchuzi wa kondoo na mahindi. Mama mdogo aliyahesabu yale masalio kuwa ushindi. Alikuwa akisema mradi mbegu ipo, shamba halijafa, limelala.

Mashangazi ndio hawakulala. Kwetu shangazi ana utani wake na mtoto wa kaka yake. Mpwa wa kiume ni mpenzi wake, tangu akiwa mchanga, na mwanamke yeyote atakayemchukua ni mwizi. Arusi inapofanyika, mashangazi huja na ndoo za matope, wakawapaka waliomwacha mpenzi wao aibwe, wakapaka na nyumba, huku wakimkashifu bibi arusi mpaka watu washike mbavu. Ni heshima kubwa, ukiielewa. Sasa mashangazi wa Merwin, Idella na mdogo wake Ferlene, walikuwa wamenyimwa heshima hiyo kwa zaidi ya miaka thelathini. Walipokutana na mama mdogo dukani, Shangazi Idella alikuwa akimkagua kikapu chake kwanza.

"Bado unakaa na mume wetu bure?" alikuwa akiuliza, kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye mizani ya nyama.

"Bado, shangazi."

"Unampa nini? Naona mikate ya dukani hapa. Ndiyo maana amekonda."

Merwin hakuwa amekonda hata kidogo, na wote walijua. Mama mdogo alicheka pamoja na wengine. Lakini mimi nilikuwa nikimsindikiza nyumbani, na niliona kwamba kicheko kiliishia mlangoni mwa duka. Wazee wetu wanasema joho lile jeupe ndilo mwanamke analovaa siku ya safari yake ya mwisho. Yeye alikuwa anakaribia miaka sitini na hakuwa nalo.

Habari za ruzuku nilimletea mimi. Nilizisikia kwenye mkutano wa wakulima pale Kykotsmovi. Kulikuwa na mfuko mdogo, unaoendeshwa na wakulima wa makabila yetu ya asili, unaosaidia watu wanaotunza mbegu za wazee wao. Fedha zenyewe hazikuwa za kujengea ghala; zilikuwa za kuziba lile tundu moja linalokuvujishia kila kitu. Mama mdogo hakutaka kusikia. Alisema mahindi ya mama yake hayajawahi kuombewa hela na hataanza yeye. Alisema watu wa ruzuku hupenda kukufundisha kulima. Nikamwambia hawa wanalima wenyewe, tena hawataki maandishi, wanapiga simu mnaongea. Akasema hana la kuongea. Nikawapa namba yake.

Simu ilipigwa siku ya Jumamosi, tukiwa jikoni kwake tunafunga unga wa bluu kwenye maganda ya mahindi ili tuuchemshe. Mikono yake ilikuwa imejaa unga, kwa hiyo alinionyesha kwa kidevu niiweke simu mezani, sauti itoke nje. Baba mdogo Merwin alikuwa pembeni akibandika soli ya buti. Mwanamke aliyepiga alijitambulisha kuwa ni Renata Antone, wa kabila la O'odham kule kusini jangwani, mkulima wa maharage. Walisalimiana, wakaulizana mvua. Halafu Renata akauliza mbegu za mama mdogo zinasumbuliwa na nini.

"Ng'ombe," akajibu.

"Ng'ombe tu, dada?"

"Na kunguru, na panya, na upepo. Lakini upepo na kunguru hata wewe huviwezi, ndiyo maana nimekutajia ng'ombe."

Renata akacheka, akasema kwao ni nguruwe mwitu, na kwamba ameshawahi kulala shambani na sufuria na mwiko ili awapigie kelele. Baada ya hapo mambo yakawa mepesi. Walizungumza kuhusu seng'enge na nguzo za chuma, na mapipa ya bati ya kuzuia panya. Mama mdogo akawa anaongea kama anayeongea na mtu wa nyumba ya pili. Mwishowe Renata akauliza kitu ambacho nadhani huwauliza wote.

"Na ukivuna vizuri, mavuno utayafanyia nini?"

Mama mdogo akaacha kufunga. Akaweka ganda chini.

"Nitaolewa," akasema.

"Hongera, mwanangu," akasema Renata, ambaye sasa aliamini anaongea na msichana. "Na mchumba ni kijana wa hapo hapo?"

Mama mdogo akamtazama baba mdogo kwa juu ya miwani. "Si kijana sana. Ana kisukari na goti moja bovu. Lakini greda anajua kuendesha."

Merwin aliiweka buti chini, akatoka nje. Kupitia dirishani nilimwona amesimama ukingoni mwa mwamba, ametia mikono mfukoni, anatazama bondeni kwenye shamba. Aliporudi, simu ilikuwa imekwisha na sufuria imechemka. Alisema angeulizwa kwanza. Mama mdogo akasema, basi nimekuuliza. Merwin akafikiri kidogo, kisha akauliza seng'enge itakuwa ya nyaya tatu au nne.

Ilikuwa ya nyaya nne. Ruzuku ilipofika, ilinunua waya, nguzo, mapipa mawili, na mafuta ya trekta la kukodi, ikaishia hapo. Wanaume wa ukoo wetu wa Mchanga walikuja kuchimba, na ndugu wa Merwin wakaja, na hata mwenye baadhi ya wale ng'ombe akaja, jambo lililozua maneno mengi. Mashangazi nao walifika, wakiwa wamebebwa kwenye pikapu na sufuria za chakula mapajani. Shangazi Ferlene aliuzunguka uzio akiupima kwa macho. Akasema hajawahi kuona mwizi anajengewa boma na walioibiwa wanaleta mchuzi.

Mwezi wa tano tukapanda. Kwetu wanaume ndio wanaopanda na wanawake ndio wenye mbegu. Mama mdogo alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akizichambua punje kwenye sinia, rangi kwa rangi, huku Merwin na wakwe zake wakichimba mashimo kwa muo, ule mti mgumu uliochongwa ncha. Shimo ni la kina, mpaka ufikie mchanga wenye unyevu, maana juu kote ni vumbi. Unatia punje kadhaa, unafukia, unapiga hatua ndefu, unachimba jingine. Goti la Merwin lilimtesa, lakini alikataa kukaa. Alisema bwana arusi hawezi kuonekana amekaa.

Upepo uliivika mchanga ile miche ya kwanza, tukapanda tena. Kunguru wakang'oa ya pili, tukapanda tena tukaifunika kwa makopo ya kahawa yasiyo na vitako. Ng'ombe walikuja, wakasimama nje ya uzio, wakatutazama kama wateja waliokuta duka limefungwa. Mvua zilikuwa haba. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza tangu bibi yangu afariki, tulivuna kutoka mwanzo wa shamba hadi mwisho wake.

Halikuwa rundo kubwa. Na mfuko ule ulikuwa na sharti moja tu, kwamba sehemu ya mbegu igawiwe majirani waliopoteza za kwao. Mama mdogo hakulichukulia kama sharti. Aliita nyumba ambazo alijua hazina tena yale mekundu, akawapa kila mmoja kiasi cha kuanzia, na akawaeleza mama yake alivyokuwa akiyapanda. Mahindi bora kuliko yote aliyatundika kwa maganda yake darini. Yale yaliyobaki tuliyala bila haraka.

Vuli ile Shangazi Idella akaugua. Mapafu yalijaa maji, akalazwa, na kwa umri wake watu walianza kuzungumza kwa sauti ya chini. Merwin alirudi kutoka hospitalini amefura. Sikuwahi kumsikia akimpandishia mama mdogo sauti, lakini siku ile alipandisha. Alisema huyu shangazi amemsubiri maisha yake yote. Alisema mahindi yako darini, yanaonekana, yasagwe, arusi ifanyike mwezi huu kabla mama huyu hajaondoka.

"Yale ni mbegu, Merwin," akasema mama mdogo.

"Ni mahindi."

"Ni mbegu. Nikiyasaga, mwakani tutapanda nini?"

Merwin akasema kwamba kwa miaka thelathini mbegu zimekuwa na nafasi kubwa nyumbani humu kuliko yeye. Lilikuwa neno zito, naye alijua alipolisema, kwa sababu alinyanyuka akaenda kulala kwa dada yake Bernita. Mama mdogo alikaa pale pale. Nilimwuliza kama anataka nibaki, akasema nibaki. Hakulia. Aliteremsha mahindi kutoka darini, akayapanga sakafuni, akayatazama yote, halafu akayarudisha.

Asubuhi akaniambia nimpeleke hospitalini. Shangazi Idella alikuwa amelala na mpira wa hewa puani, mdogo kama kifurushi, lakini macho yalikuwa yale yale ya dukani.

"Nasikia una mahindi na hutaki kusaga," alisema kwa pumzi fupi fupi.

"Ni mbegu, shangazi."

Mgonjwa alivuta hewa mara mbili tatu. Shangazi Ferlene, aliyekuwa kitini kando, alitazama sakafu.

"Mama yako alikuwa hivyo hivyo," Idella akasema baadaye. "Mwaka wa ukame mkubwa tulikuja kumwomba mahindi, akatupa ya kula na akakataa kutupa ya mbegu. Nilimkasirikia sana. Mwaka uliofuata akatuletea mbegu mwenyewe, mpaka mlangoni." Akapumzika. "Ukisaga mbegu kwa ajili yangu, nitakufa kwa aibu kabla ya ugonjwa. Mwakani basi. Ila usinicheleweshe tena. Matope yangu nimeshayachagulia mahali."

Mama mdogo alishika mkono wake, akasema asante kwa namna wanawake wetu wanavyoisema, na tulipotoka kwenye korido ndipo akalia. Jioni Merwin alirudi nyumbani. Ferlene alikuwa amempigia simu, na nadhani hakumbembeleza. Alisimama mlangoni akiwa ameshika mfuko wa machungwa ambao hakuna aliyeuagiza. Mama mdogo akamwambia aingie, baridi inaingia.

Shangazi Idella alipona. Daktari alisema ni dawa mpya. Ferlene alisema ni ukaidi. Alirudi nyumbani kabla ya theluji. Ikanyesha theluji nyingi kuliko miaka mingi iliyopita, ile inayolala ardhini na kuzama taratibu, na sote tulianza kutabasamu bila kusema kwa nini.

Mwaka wa pili mahindi yalichipuka kama yaliyoitwa. Kufikia katikati ya mwezi wa saba yalikuwa yamefika kiunoni, yamejaa, majani mapana, na Merwin alianza kutembeza wageni shambani kana kwamba ni jumba lake. Kisha mawingu yakajikusanya mchana mmoja, na maji yakashuka bondeni yote kwa pamoja. Tulikuwa juu ya mwamba. Tuliyasikia kabla ya kuyaona. Yalipokwisha, pembe ya chini ya shamba ilikuwa haipo. Nguzo zililala, seng'enge ilikuwa imejiviringisha kama uzi wa kufumia, na pale palipokuwa na mistari ya mahindi meupe palikuwa na tope laini, limetandaa kama uji.

Mama mdogo alimpigia Renata simu siku ile ile, si kuomba chochote, ila kumwambia ukweli kwamba waya wake umeondoka na maji. Alidhani ni haki yake kujua. Renata alimwuliza tope lile ni la rangi gani na lina kina gani. Siku chache baadaye akafika mwenyewe na pikapu yake, mwanamke mnene mwenye kofia pana, na koleo za kukatia waya, na mfuko wa maharage madogo ya kwao.

Alipomwona mama mdogo, mwenye mvi na miwani, akasimama.

"Wewe ndiye bibi arusi?"

"Ndimi. Na mchumba ndiye yule anayechechemea."

Walicheka mpaka wakalazimika kushikana mabega. Kisha Renata akavua viatu, akaingia kwenye tope, akalisugua kati ya vidole. Alisema kwao huwa wanasubiri mafuriko kama haya ndipo wapande, na kwamba maharage yake hukomaa upesi na hayapendi maji mengi baadaye. Mama mdogo alisema hajawahi kupanda maharage mwezi wa nane, na kwamba huku juu baridi huwahi. Wakabishana vizuri, kila mmoja akisimulia udongo wake, wakakubaliana wajaribu mistari ya kati na kuacha ya pembeni. Merwin na wakwe waliinyoosha seng'enge ile ile, wakaifunga upya kwenye nguzo za miti ya mreteni. Renata alikaa nasi siku kadhaa. Shangazi Idella alipoletewa habari zake, aliuliza kama na huyu naye ameolewa.

Yale mafuriko yaliyokula pembe ya chini ndiyo yaliyonywesha sehemu ya juu. Mwezi wa kumi tulivunja mahindi kwa wiki nzima. Tuliyamwaga nyumbani kwa mama mdogo mpaka tukawa tunaingia jikoni kwa ubavu: ya bluu upande mmoja, meupe upande mwingine, mekundu juu ya kochi ambalo Merwin alikuwa akilalia mchana. Maharage ya Renata nayo yalijaza ndoo kabla baridi haijaanguka. Jambo la kwanza mama mdogo alilofanya ni kuchagua mbegu, mapipa mawili yakajaa, akafunga vifuniko, akakaa juu ya kimojawapo. Ndipo akasema, haya, sasa tunaweza kukoboa.

Zile nyumba zilizopata mbegu mwaka uliotangulia zikaanza kuja, kila moja na beseni lake. Ndivyo ilivyo kwetu, bibi arusi hasagiwi na nyumba moja. Lakini nilimwona mama mdogo akipokea beseni la mahindi mekundu kutoka kwa mwanamke ambaye mwaka juzi hakuwa na punje hata moja, na alilishika muda mrefu kabla ya kuliweka chini.

Arusi ilikuwa mwezi wa kwanza, katika baridi kali. Mama mdogo alikwenda nyumbani kwa wifi yake Bernita, kwa sababu mama yake Merwin alikuwa ameshafariki, akapiga magoti mbele ya mawe ya kusagia katika chumba kilichozibwa madirisha kwa mablanketi. Mimi na binti yake Charlene tulikuwa tukimpelekea chai. Magoti yake yalilia kuliko mawe. Mjukuu wake mdogo, Kiara, alichungulia mlangoni na kumwuliza kwa mshangao kama ina maana muda wote huu alikuwa anakaa na babu bila ruhusa. Mama mdogo aliendelea kusaga, akasema ndiyo, na ndiyo maana sasa anaadhibiwa.

Mashangazi walikuja asubuhi yenye jua na barafu. Ferlene alitangulia, kitambaa kichwani, ndoo mkononi. Nyuma yake Idella alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amefungwa mablanketi mawili, beseni la matope mapajani. Walikuwa wameyakoroga kwa maji ya moto ya chupa ya chai ili vidole visigande, nayo yalikuwa yakitoa mvuke. Nyuma yao walikuja wanawake wengine wa ukoo wa Dubu, ule wa baba yake Merwin, wa kila umri, wote wenye haki na Merwin, wote wakipiga kelele.

Bernita ndiye aliyepata kwanza. Waliuliza alikuwa wapi mpenzi wao alipoibwa, na kabla hajajibu alikuwa amepakwa kuanzia nywele. Ukuta ukapakwa, na mlango, na gari la Bernita. Merwin alijaribu kukimbia kwa goti lake, akakamatwa karibu na rundo la kuni. Ferlene alimpaka matope mashavuni taratibu kama anayemnyoa, akimwuliza kama kweli ameridhika na mwanamke ambaye unga wake una mawe na ambaye imemchukua miaka thelathini kujifunza kukoka moto. Kutoka chumba cha kusagia nilisikia mama mdogo akicheka mpaka jiwe likasimama.

Idella alikuwa bado hajatupa tope lake. Alikuwa akitafuta mtu. Kisha akamwona Renata, aliyekuja kama mgeni na kujibanza kando ya tangi la maji, ambako alikuwa ameambiwa ni salama.

"Yule pale," akasema. "Nipelekeni."

Walimsukuma juu ya mawe hadi kwa Renata.

"Ni wewe mwenye seng'enge?"

"Ni mimi, mama."

"Kama si wewe na waya wako, mume wetu angekuwa bado wetu."

Akachota viganja viwili, na kwa mikono ile iliyokuwa na mipira ya hospitali mwaka mmoja na ushei kabla, akampaka Renata kofia, uso na koti, bila kuharakisha, kama mtu anayepaka siagi mkate. Renata aliinama ili amrahisishie. Watu walicheka mpaka mbwa wakaanza kubweka. Idella alipomaliza aliegemea kiti chake, akifuta mikono kwenye blanketi, na uso wake ulikuwa mwekundu kama wa msichana.

Yaliyofuata yanahusu nyumba zile mbili, sitayasimulia yote. Nywele zilioshwa alfajiri, ndugu wa Merwin wakamaliza kufuma, na mama mdogo akarudi kwetu kwa miguu, jua likichomoza, amevaa joho moja jeupe na jingine amelibeba mikononi limeviringishwa kwenye mkeka wa matete. Alitembea polepole kwa sababu ya magoti. Watu walitoka milangoni kumtazama na hakuna aliyetania. Siku ya kulipa tulipeleka unga kwa Bernita kwa pikapu mpaka wafumaji wakaomba tupumzike ili wapate pa kuuweka, na Merwin alisimama barabarani akiongoza magari kwa mikono kama askari.

Joho lile sasa limetundikwa chumbani kwake, ndani ya shuka safi. Hazungumzi sana juu yake. Shangazi Idella yu hai, na msimu uliopita alishambulia arusi nyingine. Maharage ya Renata yamehamia pembe ya chini moja kwa moja, na kila vuli ndoo yake moja hurudi kusini pamoja na mahindi mekundu, ambayo Renata anasema yameanza kuzoea joto la kwao, ingawa yananung'unika.

Mwezi uliopita Charlene, binti wa mama mdogo, ambaye amekaa na baba wa watoto wake muda mrefu kwa cheti cha hakimu tu, alikuja jikoni, akazunguka zunguka, akafungua friji akaifunga. Kisha akamwuliza mama yake kama anaweza kupata mistari kadhaa upande wa mashariki, ya mahindi meupe, mengi kidogo. Mama mdogo hakumwuliza ni ya nini. Alifungua pipa, akaanza kumchagulia mbegu. Merwin alivaa buti zake na kwenda bondeni kuangalia jinsi uzio utakavyosogezwa.